Nguo za Mama Zilitangulia

Winnipeg, 9 Novemba 1997

Dada yangu Atuat,

Hamjambo huko kaskazini? Sisi huku tunavuta siku. Mama anakusalimu, anamsalimu shemeji, anawasalimu mbwa wake wawili kwa majina yao, na anasema kama kuna mtu amekalia kiti chake cha dirishani ainuke. Mimi mzima, ila usingizi nimeusahau. Chumba chetu katika hii nyumba ya wagonjwa kina joto la kuumulia mkate. Tukifungua dirisha wanakuja kulifunga, wakitoka tunalifungua tena.

Chakula ni kilekile: kuku, viazi, kesho yake kuku. Mama hulitazama lile paja kwenye sahani akauliza, "Huyu ndege aliugua nini?" Ile nyama ya kulungu uliyotuma na yule mama aliyekuja kutibiwa macho ilifika ikiwa bado imeganda. Mama alikula vipande viwili vibichi, akafumba macho, akalala mchana kutwa. Kwa hiyo asante, na utume nyingine.

Kaukjak vipi, tumbo limeshuka? Mama anamuulizia kila asubuhi, hata kabla ya kuomba dawa ya maumivu. Nimemwambia binti yako bado ana mwezi mzima. Akasema, "Wewe unajua nini, umezaa?" Ugonjwa haujamzuia kunichoma.

Sasa nililotaka kukuambia. Jana nilipeleka uwanja wa ndege sanduku la nguo zake: koti la manyoya, buti za ngozi ya sili, mitandio, na yale magauni mawili ya kanisani. Ametaka mwenyewe. Anasema zinanuka hospitali, na ngozi kwenye joto hili itapasuka, basi zikatundikwe nje kwenye baridi. Hapa anashinda na gauni la wodini, hana haja nazo. Sanduku linakwenda kwa ndege ya mizigo na barua hii naitia posta, kwa hiyo sijui kipi kitatangulia. Nimepiga simu nikuambie, haishiki. Wanasema kwenu kuna tufani. Na hata ikishika, simu ya hapa iko ukumbini, kila mtu anasikia, na Mama ana masikio ya mbweha. Ndiyo maana naandika.

Daktari alituita juzi. Ana maneno yake. Sitayaandika, unajua Mama hapendi jambo lisemwe kabla halijaja.

Nimechoka, Dada. Nisalimie wote.

Mdogo wako,
Sarpinak


Ikirasak, 28 Novemba 1997

Mdogo wangu Sarpinak,

Barua yako nimeipata jana, imelowa nusu. Huku hatujambo. Shemeji yako ameunguza injini ya pikipiki yake ya theluji, sasa anakwenda kuwinda na mbwa wa Mama kama wazee wa zamani, na anajisifu mpaka anachosha. Tufani ilitukalia wiki nzima. Ilitoboa bati la kanisa, ikaangusha dishi la simu pale kilimani, tukawa kama watu waliosahauliwa. Ndege ilipata upenyo mmoja tu, ikatua, ikamwaga mizigo, ikakimbia.

Kaukjak amejifungua. Mtoto hakungoja mwezi wake, wala hakungoja mama yake apandishwe ndege kwenda kuzalia kituo cha uzazi cha Rankin. Alizaliwa hapahapa zahanati, na muuguzi wetu Doreen alikuwa anatetemeka kuliko mzazi. Ni mvulana. Mdogo, nywele tele, sauti ya kunguru. Wote wawili wazima.

Sanduku limefika. Lilitangulia barua. Nguo nimezitundika. Usitume tena nguo za mtu bila mtu mwenyewe, Sarpinak. Sitaki kulirefusha hilo.

Jina la mtoto, bado. Usiniulize na usimwache Mama aniulize.

Mwambie Mama akae huko atibiwe. Kama daktari ana dawa nyingine, akubali. Kama anataka kumpasua tena, akubali. Baridi ya mwaka huu si ya mgonjwa wa mapafu, na nyumba imejaa, na mtoto analia usiku. Hakuna haraka ya kurudi.

Mwalimu anakuja huko kwa Krismasi, nimempa nyama ya kulungu na ngozi ya nyangumi kidogo. Mama apewe kwanza, ndipo ule wewe.

Dada yako,
Atuat


Winnipeg, 19 Desemba 1997

Dada Atuat,

Salamu kwenu. Hongera kwa mjukuu. Mwalimu ameleta mzigo. Mama alishindwa kutafuna ngozi ya nyangumi, akainyonya tu kama peremende, na hakutaka kuitema hata muuguzi alipokuja kumpima joto. Mimi nimepata mafua ya huku, yale yasiyokwisha. Jirani yetu wa chumba cha pili, yule mzee wa Arviat aliyekuwa akitupigia hadithi za uongo, amerudishwa kwao wiki iliyopita. Alirudi akiwa kwenye jeneza. Mama alisema tu, "Amepata nafasi kwenye ndege."

Sasa nitasema nililokataa kusema. Dawa za kansa zilisimamishwa tangu Novemba. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya daktari. Imeenea mpaka kwenye ini, na kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Alisema tumrudishe nyumbani akiwa bado anaweza kukaa, mradi Doreen akubali kumpokea na ninyi mseme mko tayari. Nikamwambia nitaongea na dada yangu. Niliogopa, Dada. Nilidhani nisipoandika halitakuwa.

Mama anajua. Hajawahi kuuliza, lakini anajua. Na hataki kufa. Si kwamba anaogopa, hapana. Anajizuia. Inapomshika anang'ata shuka na ananitazama kama mtu anayeshikilia mlango usifunguke. Juzi nilimwambia, "Mama, pumzika sasa." Akaniambia, "Nipumzike, na jina langu nimpe nani? Wewe?"

Kila akipiga simu kwenu anauliza jina la mtoto, nanyi mnasema bado. Mwezi mzima! Hata mbwa hakai mwezi bila jina. Mama ameniambia hivi, naandika kama alivyosema: "Yule mtoto ananingoja mimi, na mimi namngoja yeye. Lakini jina haliombwi. Mtu anayeomba apewe somo wa jina lake ni mtu mwenye kiburi. Wakilitaka watalichukua." Halafu akageukia ukutani.

Na wewe kwenye simu kazi yako ni moja: kaa huko, kaa huko, tibiwa. Unatibiwa nini? Nani amekuambia mgonjwa wa hivi anakaa mjini kwa watu asipotaka? Hata yule anayetangaza bingo redioni nilimpata kwenye simu, nikamwambia nisalimie watu, naye akaniuliza Mama yu hali gani kwa sauti ya mtu aliyeiba. Mmeficha nini huko? Kaukjak mzima kweli? Mtoto mzima?

Niambie. Mimi sina nguvu ya kubahatisha.

Sarpinak


Ikirasak, 11 Januari 1998

Mdogo wangu,

Kaukjak mzima. Mtoto mzima, ananenepa. Shemeji yako anapiga chafya. Mbwa mmoja wa Mama amezaa watoto watano chini ya ngazi. Barua yako imekaa mfukoni mwangu tangu ndege ya kwanza ya mwaka, na kila nikishika kalamu naona vyombo vichafu, naenda kuviosha. Sasa vyombo vimekwisha.

Sarpinak, sisi tulimlilia Mama. Tulimlilia Novemba.

Siku ndege ilipopata upenyo, yule bwana wa uwanjani aliniletea sanduku mwenyewe, kwa mikono. Unamjua, hajui kunyamaza. Siku hiyo aliliweka mlangoni, akavua kofia, akaondoka bila neno. Nikafungua. Koti la Mama juu, limekunjwa vizuri. Chini yake buti. Hakuna barua. Simu imekufa. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki Baba Mkubwa alipopelekwa kusini kwa kifua. Kilichorudi ni mfuko wa nguo zake, na hakuna aliyehitaji kutusomea. Mtu wetu akienda kutibiwa na nguo zikarudi peke yake, wewe ungeelewa nini?

Nilikaa sakafuni nikapiga yowe. Jirani akasikia, akaenda redioni, akatangaza. Doreen alikuja mbio akisema ngojeni, sina habari yoyote, simu haifanyi kazi, ngojeni. Hatukungoja. Jioni kanisa lilijaa, na bati lilikuwa limetoboka, theluji inatudondokea, na tukaimba. Kaukjak alikuwa amekaa karibu yangu na uchungu ukamshika palepale.

Mtoto alipotoka alilia, akalia, akalia. Nikamsogelea sikioni nikamwita kwa jina la Mama, Ulaajuk. Akanyamaza na kunitazama. Kesho yake mji mzima ulipita kumshika mkono, mmoja baada ya mwingine: karibu tena, Ulaajuk, tulikukosa. Yule mzee mkorofi anayemdai Mama chusa tangu enzi, hata yeye alimwambia mtoto, "Basi ya ile chusa yaishe." Mimi nikamwita Mama. Nilimwambia, Mama, pole na safari.

Halafu simu ikarudi. Ikalia. Nikapokea, nikasikia sauti ya Mama, "Kuna chai huko, au mmelala?"

Niliikata. Akapiga tena nikasema laini mbaya.

Unajua sisi tunavyoshika hili, kwamba aliyekufa hurudi kwa mtoto anayepewa jina lake. Watu wa kule ng'ambo ya ghuba wanampa mtoto jina la mtu aliye hai na hawaoni shida. Sisi hatufanyi. Bibi alikuwa akisema ukimpa mtoto jina la mgonjwa anayepumua, umemfungulia mgonjwa mlango na kumwambia nenda. Mimi nimemfungulia mama yangu mlango. Nilijaribu kulifuta. Tulimwita mtoto jina jingine siku mbili, akakataa ziwa, akapata homa, Doreen akataka kumwitia ndege. Nikamrudishia jina, akanyonya. Basi tangazo likatoka redioni: anayepiga simu Winnipeg asitaje jina la mtoto. Mji mzima umefunga mdomo mwezi na nusu, na mji huu hauwezi kuficha hata nani amekunya wapi.

Ndiyo maana nikasema akae huko. Niliona akikaa kwenye dawa labda Bibi alikosea. Na akirudi atamkuta mtoto mwenye jina lake, na watoto wa hapa nyumbani wanamwita Nyanya kama wanavyomwita yeye, na ataelewa kwamba sisi tulikwishamzika. Ningemwangalia machoni vipi?

Niliposoma kwamba anajizuia kwa sababu ya jina, nililia vibaya kuliko siku ya sanduku. Yeye anang'ata shuka huko, na jina lake linanyonya hapa.

Mwambie wewe. Mimi mdomo hauji. Akinitukana, andika matusi yote, usipunguze.

Atuat


Winnipeg, 26 Januari 1998

Dada,

Habari za mbwa nimezipeleka. Mafua yangu yameshuka kifuani. Mengine hapa ni kama yalivyokuwa.

Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilitaka uwe karibu nikupige. Sikufichi. Mimi ndiye niliyemwinua, nimemwosha, nimemshikia beseni, nimesikia meno yake yanavyosaga. Kumbe neno moja tu lilikuwa linatosha, na nyote mlikuwa nalo mdomoni, mji mzima. Halafu nikakumbuka kwamba mimi pia nilikaa na neno la daktari zaidi ya mwezi. Na sanduku nililituma mimi. Basi nikakaa kitini, hasira ikaniisha, nikabaki na uchovu.

Nilimwambia asubuhi, baada ya kunawa. Nikamsomea barua yako yote. Halafu akasema, "Rudia pale pa kanisani." Nikarudia. "Nani hakuja?" Nikamwambia haijaandikwa. "Mliimba nini?" Haijaandikwa. "Atuat hajui kuandika barua," akasema.

Akajifunika uso kwa shuka. Nilidhani amekasirika. Kumbe anacheka, ile ya kwa ndani, mpaka ule mrija wa hewa ukamtoka puani. "Mvulana," akasema. "Miaka sitini nashona buti za wanaume. Sasa na mimi nitashonewa." Akafuta macho. "Na ile chusa imeisha? Ningejua ningekufa mapema."

Nikamuuliza, Mama, hukukasirika kwamba walilitoa ukiwa hai? Akasema Bibi alikuwa mtu wa maneno mengi. Akasema, "Mlango ulikuwa wazi siku nyingi. Nilikosa mtu wa kunipokea upande wa pili. Ina maana niko nyumbani tangu Novemba. Sasa huyu wa hapa anangoja nini? Mwite daktari."

Daktari hakuelewa mgonjwa wake amepata nini, anatabasamu huku hawezi kuketi. Lakini amekubali haraka arudishwe kwa ndege ya wagonjwa. Doreen naye amekubali, ameomba mofini ya kutosha na mitungi ya oksijeni ije na ndege hiyohiyo. Machela inachukua nafasi ya viti, muuguzi wa safari anachukua kingine, kwa hiyo mimi sina pa kukaa. Nitafuata na ndege ya abiria kupitia Rankin. Sipendi kumwachia mtu mwingine mwisho wa safari, lakini nikiigomea nafasi hii sijui kama kuna nyingine.

Matusi hakukutukana. Nimeulizia. Alisema tu mtoto asizoeshwe kulala mchana.

Nampa barua hii muuguzi wa safari. Mtamwona Mama kabla hamjaisoma.

Sarpinak


Ikirasak, 8 Februari 1998

Sarpinak, mdogo wangu,

Huku upepo umelala leo. Najua wako bado unavuma, wameniambia ndege yenu imekaa Rankin siku zote hizi na wewe umekaa pale nyumba ya wageni umevaa koti, tayari, mkoba mkononi. Kaukjak anakusalimu. Watoto wa mbwa sasa wanakimbia.

Mama alifika salama. Uwanjani walikuja watu wote, na hakuna aliyethubutu kumsogelea, wamesimama wanaangalia viatu vyao. Akawaambia kutoka kwenye machela, "Mbona mnanitazama hivyo? Mlishanililia, na sasa nisalimieni." Ndipo wakaja. Yule mzee wa chusa alijificha nyuma ya gari la mafuta.

Nyumbani nilimlaza na nikamwekea mtoto pembeni. Mimi nilisimama jikoni, nikashindwa kuingia. Nikasikia anaongea naye taratibu. Alimshika mkono kama watu walivyomshika, akamwambia, "Ulaajuk, mimi Ulaajuk." Halafu akaniita. "Atuat, njoo. Hujatenda kosa. Nipe samaki mbichi, na unisogezee huyu, anateleza." Nilikwenda. Nilimlalia kifuani nikalia kama mtoto mdogo, na yeye analalamika kwamba namwumiza.

Maumivu yalikuwepo, nisikudanganye. Doreen alikuja asubuhi na jioni, na usiku mmoja alilala hapa sakafuni na viatu vyake. Lakini kujizuia kule ulikokuandika sikukuona. Alikuwa amelegea. Alikuulizia kila siku na kila siku nilimwambia upepo.

Jana mchana, jua limeingia chumbani, mtoto amelala mkononi mwake, alivuta pumzi moja ndefu na hakuirudia. Mtoto hakuamka.

Uliponipigia jana jioni ukauliza Mama vipi, nikasema yuko vilevile. Nisamehe. Kila mtu hapa amekuwa mwongo wa simu mwaka huu, lakini hilo lilikuwa la mwisho. Sikutaka ulisikie ukumbini kwa watu, halafu ukeshe peke yako ukisikiliza upepo. Ndege ya mizigo itapita hapa kwenda Rankin upepo wenu ukitulia, na rubani ameahidi hii barua ataiweka mkononi mwako ukishapanda ndege ya kuja huku. Utaisoma ukiwa njiani kuja. Mazishi yanakungoja, hakuna atakayegusa koleo kabla yako. Umembeba miezi yote hiyo, na mwisho nimeupata mimi niliyekuwa namfukuza. Si haki. Najua si haki, na sina la kukupa badala yake.

Lakini aliacha neno lako, na alilirudia mara mbili nisilisahau. Alisema: "Sarpinak amechoka na mimi mzee. Mwambie aje achoke na mimi mchanga."

Kaukjak amekubali. Mtoto atakuwa wako, alelewe nyumbani kwako, na maziwa tutasaidiana. Tangu jana mchana hanyamazi kwa mtu yeyote. Analia hapa sasa hivi, naandika huku namtikisa kwa mguu.

Atuat